Bawa la Ndege na Bamba la Kioo

Wazee wetu walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na katika mambo mengi ya dunia maneno yao ni ya kweli. Walakini iko kazi moja ambayo baraka yake yote imo katika haraka, na polepole yake ni hasara tupu. Kazi hiyo ni kupiga picha ya kitu kiendacho mbio: ndege arukaye, farasi atimkaye, au mwanariadha akaribiaye utepe.

Tuseme wanafunzi wawili wamepanda mashua alfajiri katika Ziwa Naivasha, kila mmoja na kamera ya namna moja na ya mwenziwe. Jua halijachomoza bado. Furukombe amekaa juu ya mti mkavu, kichwa na kifua vyeupe, akiyatazama maji. Ghafula anajitupa chini, ananyosha makucha, ananyakua samaki na kupaa. Wote wawili wanabonyeza kamera zao kwa wakati mmoja. Wakirudi nyumbani, wa kwanza anakuta katika picha yake maji safi, miti safi, na katikati alama ya kijivu kama moshi wa jikoni. Furukombe hayumo. Wa pili anamkuta ndege mzima, kucha kwa kucha na unyoya kwa unyoya, hata matone ya maji yamesimama hewani. Ila picha yote imetapakaa chembechembe, kama kwamba mtu ameinyunyizia mchanga.

Kisa cha tofauti hii ni namba moja. Kamera ina kipimo kiitwacho ISO. Wa kwanza alikiweka katika 100, kwa kuwa aliambiwa kwamba namba ndogo huleta picha safi. Wa pili alikiweka katika 12,800. Yupi kati yao aliyefanya vema? Swali hili laonekana kuwa dogo, lakini limewasumbua wataalamu kwa miaka karibu 200, na historia yake ina mafundisho makubwa kuliko picha zenyewe.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi picha inavyofanyika. Picha huandikwa na nuru, na nuru hiyo hutawaliwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni tundu la lenzi: likiwa pana nuru huingia nyingi, likiwa jembamba huingia haba. Ya pili ni muda ambao kilango cha kamera hukaa wazi. Ya tatu ni wepesi wa kuhisi nuru wa kile kitu kinachoipokea picha, kiwe bamba la kioo, filamu, au kihisi cha kamera za siku hizi. Mwenye kumpiga picha ndege arukaye hana uhuru katika njia mbili za kwanza. Tundu la lenzi yake lina mwisho wa upana. Na muda hauna budi kuwa mfupi sana, kwa sababu bawa halimngojei mtu. Basi imebaki njia ya tatu peke yake, na historia tunayoisimulia hapa ni historia ya njia hiyo.

Mnamo mwaka wa 1838, Mfaransa Louis Daguerre aliweka kamera yake dirishani, juu ya njia kuu ya mji wa Paris iitwayo Boulevard du Temple. Ndani ya kamera mlikuwa na bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha. Bamba hilo lilikuwa zito mno wa kuhisi nuru, hata kilango kikabidi kukaa wazi kwa dakika kadhaa. Njia ile ilikuwa na shughuli nyingi, ya magari ya farasi na watu wa kila namna. Lakini picha ilipotokea, njia ilikuwa tupu! Nyumba zilionekana, miti ilionekana, hata madirisha yaliweza kuhesabika, watu hawakuwapo. Walikuwa wamepita upesi kuliko bamba lilivyoweza kuwaona. Alisalia mtu mmoja pembeni, kwa kuwa alisimama kung'arishiwa viatu, na karibu naye yaonekana kwa mbali umbo la yule aliyemng'arishia. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ijulikanayo kuonyesha binadamu.

Msomaji na aitafakari picha hiyo vizuri. Kwa usafi ilikuwa ya ajabu, wala haikuwa na chembechembe za kumkera mtu. Hata hivyo ilitoa ushahidi wa uongo, kwani ilisema kwamba njia ya Paris haikuwa na watu. Bamba zito hushuhudia vilivyosimama tu. Kila kiendacho hukifuta. Ndiyo maana katika zama hizo mtu aliyetaka kupigwa picha yake alikalishwa kitini, na kichwa chake kikashikwa kwa chuma nyuma ya kisogo, asije akatikisika na uso wake ukapotea.

Hapo ndipo mbio za kuutafuta wepesi zilipoanza. Mwaka wa 1851, Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia mpya ya kutumia bamba la kioo lililopakwa dawa ya majimaji. Muda ukapungua kutoka dakika hadi sekunde. Lakini dawa ilipaswa kutumika ingali mbichi. Ikikauka, bamba halifai. Kwa hiyo mpiga picha aliyekwenda safari alibeba hema, chupa za dawa na maji, mzigo wa kulemeza punda. Mwaka wa 1871 tabibu Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza jinsi ya kuichanganya dawa katika jelatini, na bamba likaweza kutumika likiwa kavu. Miaka saba baadaye Charles Bennett aligundua kwamba mchanganyiko huo ukiwekwa katika joto kwa siku kadhaa, wepesi wake wa kuhisi nuru huongezeka sana. Tangu hapo sekunde nzima haikuhitajika tena; sehemu ndogo ya sekunde ilitosha.

Mwaka huo huo wa 1878, jambo kubwa lilitendeka Palo Alto, katika jimbo la California. Tajiri Leland Stanford, mpenda farasi, alitaka kujua hakika ya mwendo wao. Kwa karne nyingi wachoraji walikuwa wamemchora farasi atimkaye kwa kumnyosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, kama mnyama aliyelala hewani. Je, ndivyo alivyo? Jicho halikuweza kujibu. Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, akatandika nyuzi ambazo mnyama alizikata akipita, na kila uzi ukafungua kilango cha kamera yake. Naye alikuwa akitumia bado yale mabamba ya majimaji, yaliyokuwa mazito. Basi aliifanya njia kuwa nyeupe na kusimamisha ukuta mweupe nyuma yake, ili jua kali la California limrudishie kila chembe ya nuru. Hata hivyo farasi alitokea mweusi mweusi, karibu kama kivuli cha ukutani. Picha zilikuwa mbaya. Lakini zilisema kweli. Zilionyesha kwamba yupo farasi ambaye miguu yake yote minne imeacha ardhi, na wakati huo miguu haikunyoshwa bali imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji wa karne nyingi walikuwa wamekosea, na vivuli 12 vikawarekebisha.

Baada ya farasi, zamu ilikuwa ya ndege. Mwaka wa 1882, Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki. Aliiweka begani, akamlenga ndege, akavuta kama mwindaji. Kumbe iliyotoka haikuwa risasi, bali picha 12 kwa kila sekunde, na kila moja ilichukua sehemu ya 720 ya sekunde. Lau mabamba makavu yasingalikuwapo, chombo hicho kisingalifaa kitu. Miaka miwili baadaye Mjerumani Ottomar Anschütz alitumia kilango cha kitambaa chenye upenyo mwembamba, akaweza kuwapiga picha korongo wakiruka kwa muda wa sehemu ya 1,000 ya sekunde. Mabawa yakaonekana jinsi yanavyojipinda na manyoya ya ncha jinsi yanavyofunuka. Zama hizo mhandisi Otto Lilienthal alikuwa akichunguza mwendo wa korongo kwa nia ya kumrusha binadamu. Mwaka wa 1889 alitoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege, kisha akajitengenezea mabawa akaelea nayo, hata alipofariki kwa kuanguka mwaka wa 1896. Anschütz alimpiga picha naye pia, akiwa hewani kama wale korongo. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walijifunza katika kazi ya Lilienthal kabla ya kurusha eropleni yao mwaka wa 1903. Kwa hiyo tusidhani kwamba kunasa mwendo ni mchezo wa wenye nafasi. Imewahi kuwa elimu, na elimu hiyo imepaa.

Walakini hakuna kizuri kisicho na bei. Katika filamu, nuru hupokelewa na vichembe vidogo vya chumvi ya madini ya fedha. Kichembe kikubwa hukamata nuru kwa urahisi kuliko kidogo. Basi mtengenezaji aliyetaka filamu nyepesi alikuza vichembe, na vichembe vikubwa vilionekana pichani kama mchanga. Mfano wake ni kazi ya shanga. Shanga kubwa hujaza ukosi upesi, lakini haziwezi kuchora ua dogo. Shanga ndogo huchora ua na mishipa ya majani yake, lakini kazi haiishi leo. Ni kweli kwamba akili ya watu iliipunguza bei hiyo mara kwa mara. Mwaka wa 1936, mathalani, Robert Koslowsky wa kampuni ya Agfa aligundua kwamba chumvi ya dhahabu kidogo sana yaweza kuongeza wepesi bila kuvikuza vichembe. Bei ilipungua, haikufutika.

Haja nyingine ilikuwa kuupima wepesi huo, maana kila mwuza mabamba aliyasifu yake kuwa ya haraka kuliko ya jirani. Mwaka wa 1890 marafiki wawili wa mji wa Widnes, Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, walitangaza njia ya kuupima kwa hesabu. Wajerumani walikuwa na kipimo chao cha DIN mwaka wa 1934, na Wamarekani wakawa na chao cha ASA mwaka wa 1943. Mwaka wa 1974 vipimo hivyo viwili viliunganishwa chini ya jina la ISO, la Shirika la Kimataifa la Viwango. Kanuni yake ni nyepesi: namba ikiongezeka maradufu, nusu ya nuru yatosha. Penye ISO 200 kilango hukaa wazi nusu ya muda wa ISO 100.

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zina sehemu yake katika habari hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nchi za kandokando ya Kilimanjaro akiwapiga picha wanyama usiku, akichapisha kitabu chake mwaka wa 1905. Kwa kuwa mabamba yake hayakuweza kuona gizani, aliwasha unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali. Mwaka wa 1909 alifika Cherry Kearton, Mwingereza ambaye pamoja na nduguye Richard walikuwa wametoa mwaka wa 1895 kitabu cha viota vya ndege kilichopambwa kwa picha za kamera tupu. Mlipuko wa unga ulikuwa dawa ya giza, lakini ni dawa yenye sumu: picha moja ikipigwa, wanyama wote wamekwisha kimbia. Taa za umeme za kumweka, zilizowafaa watu kama Eric Hosking kuwapiga picha bundi warukao katika miaka ya 1940, zilikuwa bora zaidi, kwa kuwa hazina moshi wala kishindo. Hata hivyo mwanga wake haufiki mbali. Furukombe aliye upande wa pili wa ghuba hautamfikia. Na akikaribia, picha yasema kwamba ni usiku, ilhali ni alfajiri. Mwenye kutaka nuru ya Mungu kama ilivyo hana budi kuongeza wepesi.

Sasa na tuiweke hesabu wazi, maana mwanafunzi hapaswi kuamini bila kupima. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: katika jua kali, tundu la lenzi likiwa katika namba 16, muda ufaao ni sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO. Tundu likifunguliwa hadi namba 5.6, nuru huongezeka mara nane. Chukua Kodachrome 64, filamu ya rangi iliyotoka mwaka wa 1974 na kupendwa sana na wapiga picha wa wanyama. Katika jua kali, kwa tundu la 5.6, muda wake ni kama sehemu ya 500 ya sekunde. Ndege mkubwa aeleaye aweza kunaswa. Lakini alfajiri, nuru ikiwa imepungua mara 64, muda unakuwa sehemu ya 8 ya sekunde. Katika muda huo bawa limepanda na kushuka, na lililobaki ni moshi. Ukitaka sehemu ya 2,000 ya sekunde katika nuru hiyo hiyo, yahitajika ISO 16,000. Namba hiyo haikuwa katika ndoto za mpiga picha wa mwaka wa 1974.

Iliingia duniani kwa mlango mwingine kabisa. Mwaka wa 1969, Willard Boyle na George Smith wa Marekani walibuni kifaa kilichoweza kuigeuza nuru kuwa umeme, wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka wa 2009. Mwaka wa 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliandikwa katika ukanda kwa sekunde 23. Mbegu hiyo ilikua. Mwaka wa 2007 ilitoka kamera ya Nikon D3 yenye kipimo cha kawaida kilichofika ISO 6400, na mwaka wa 2016 ya Nikon D5 ikafika 102,400.

Je, bei ya zamani imekwisha? La, imebadili sura. Nuru huja kwa chembe, kama mvua ijavyo kwa matone. Panga vikombe 100 uani wakati wa manyunyu: kimoja kitapata matone saba, kingine kumi na matatu, kingine tisa. Wakati wa mvua kubwa vikombe vyote huonekana kujaa sawasawa. Hesabu yake ni hii: penye chembe 100 za nuru, tofauti ya kawaida ni kama 10, yaani moja ya kumi, penye chembe 10,000, tofauti ni kama 100, yaani moja ya mia tu. Kukosa usawa huko ndiko tukuonako kama chembechembe. Kuongeza ISO katika kamera ya siku hizi hakuleti nuru hata tone moja; hukuza tu kile kilichokamatwa, kama mtu anayeongeza sauti ya redio iliyo mbali, maneno yakasikika na mikwaruzo ikasikika pia. Chanzo cha chembechembe, basi, ni uhaba wa nuru wenyewe. Mwenye kuogopa namba kubwa, akapiga picha ya giza kwa ISO ndogo na kuing'arisha baadaye, atazikuta chembechembe zile zile zikimngoja, na pengine zimezidi.

Sasa twaweza kuwahukumu wanafunzi wetu wa Naivasha. Yule wa kwanza alijihadhari na kosa dogo akaangukia kubwa. Chembechembe zaweza kupunguzwa baadaye. Lakini bawa lililogeuka moshi halirudi, kwa kuwa habari zake hazikuandikwa kamwe. Yule wa pili alijua kwamba mtaka yote hukosa yote, akachagua ila aliyoweza kuivumilia ili apate kweli aliyoifuata. Pamoja na hayo, tusimgeuze kuwa mpumbavu wa upande wa pili. Jua likipanda na kung'aa, naye na apunguze namba. Nuru ikiwa tele, ISO kubwa ni hasara bila faida. Manyoya meupe ya yangeyange yaweza kuungua pichani yakawa kama karatasi tupu. Kanuni ya haki ni kuanza na mwendo: uliza kwanza ni muda gani utakaomsimamisha huyu ndege, kisha fungua tundu la lenzi kwa kadiri liwezavyo, kisha weka ISO ndogo kabisa itakayouruhusu muda huo, hata kama ni kubwa.

Katika njia ile ya Paris, siku ile ya mwaka wa 1838, walipita watu wengi ambao hatutawaona kamwe. Walikuwa na nyuso, walikuwa na safari zao, na bamba safi liliwapita kama kwamba hawakuzaliwa. Nani kati yetu asingependa leo kupewa picha mbovu ya njia hiyo, yenye mchanga na kiza, ambamo watu hao wamo? Kumbuka hilo alfajiri utakapoinua kamera, na furukombe akalegeza makucha yake kwenye tawi.